Vyura Peke Yao

"Nimekusafishia rekodi zako, dada," fundi wa kompyuta alisema, akimpa mtafiti hedifoni. "Programu imeondoa kelele zote, wamebaki vyura tu. Faili za zamani nimezifuta, zilikuwa zinajaza diski."

Marehemu mumewe, aliyerekodi naye vyura kwenye kila bwawa, hakuwa akianza kurekodi bila utani: "Haya mabibi, imbeni, mke wangu anasikiliza." Tangu mazishi hakuthubutu kuisikia sauti ile. Leo alijikaza, akabonyeza.

Vyura wakaanza moja kwa moja.

Akarudisha mwanzo. Vyura.

"Kelele gani hizo ulizoondoa?"

"Kuna jamaa alikuwa anabwabwaja kila mwanzo," fundi akacheka. "Nusura akuharibie utafiti."

Mtafiti aliongeza sauti mpaka masikio yakamuuma, akafumba macho.