Shati Mlangoni mwa Tanuri

Injini za treni za mvuke za aina ile zilipewa majina ya mito, na zote zilikuwa zimekwishakatwa kuwa chuma chakavu isipokuwa moja. Asubuhi moja Hoza, mkata chuma, aliifuata hiyo iliyobaki na mtungi wake wa gesi ya kukatia, akakuta shati la kazi limetundikwa kwenye mlango wa tanuri. Akautua mtungi chini.

Tangu zamani, aliyeingia tanurini kukwangua masizi aliacha shati lake pale, ili mwenzake asije akawasha moto naye yumo ndani.

"Bosi, kuna mtu humu," alimwambia msimamizi, Shekue.

"Mtu gani? Mafundi wote wale pale wanakunywa chai. Injini hii haijawashwa tangu hujaoa."

"Basi mwenye shati aje alichukue."

"Mtu mzima unaogopa shati! Mnunuzi anakuja mchana. Kata, au kazi nampa mwingine."

Mafundi wakacheka. Hoza hakuwasha gesi. "Nikimchoma mtu, bosi, utamzika wewe?"

Shekue akamsukuma kando, akalishika shati alitoe mwenyewe. Akaliachia. Shati lilikuwa limelowa jasho, na jasho lilikuwa bado vuguvugu.

Shekue akainama mlangoni, akaita kwa upole kama anayebisha hodi nyumba ya watu, "Ndugu yangu, tunaomba utoke."

Kutoka gizani kikasikika chuma kikikwangua chuma, taratibu, kama kwa mkono wa mtu ambaye kazi yake bado ni nyingi, na masizi mapya yakaanza kuwadondokea miguuni.