Mkanda Msumarini

Kwa sheria, kila mjamzito huvaa mkanda unaotangaza hali ya mtoto tumboni. Asubuhi, mke wangu Mize akiwa bafuni, nilimsomea mwanetu beti zangu mpya mlangoni. Mkanda ukajibu: "Mtoto amefurahi."

Nikajivuna. Kisha Mize akatoka na khanga tu. Mkanda ulikuwa umetundikwa msumarini, nyuma yangu.

"Sasa umemfurahisha nani, baba kijacho?" aliuliza akicheka.

Sikucheka. Kwa miezi saba nilikuwa nimeuamini mkanda kuliko tumbo lenyewe. Nikapiga magoti, nikaweka shavu tumboni kwake na kunong'ona ubeti wa kwanza. Nikasubiri. Teke likanipiga shavuni.

"Alhamdulillahi," Mize alisema.

Kule msumarini, mkanda ukatangaza: "Mtoto amelala."