Kopo la Bosi Semakula

"Vueni! Hiyo kitu ya madam, leteni hapa."

Gari la mkaguzi lilikuwa bado halijafika barabara kuu ya Kasese, na Bosi Semakula ameshanyoosha mkono. Mackline akafungua kwenye kola kile kifaa kidogo kinachovuta hewa na kunasa vumbi siku nzima. Wenzake wawili wakavua vyao. Semakula akavibeba vyote vitatu hadi ofisini, akavitundika nyuma ya kiti chake, akafunga mlango.

Mackline alitema mate ya kijivu, akarudi kwenye mashine ya kusaga mawe. Alichefukwa. Asubuhi hiyo hiyo mkaguzi, Madam Kiconco, alikuwa amewaahidi: vumbi likizidi kipimo, kinu kinafungwa hadi kitengenezwe. Tsongo, mume wa Mackline, alisaga mawe hapo hapo. Sasa yuko kwao Kyarumba, hata njia ya kanisani inamshinda kwa kukosa pumzi. Na Mackline mwenyewe ameshaanza kukohoa alfajiri.

Watu gani hawa! Barakoa zilitolewa siku za ukaguzi tu, bado zinanuka midomo ya waliozivaa mara ya mwisho. Hata feni kubwa iliyoletwa kuondoa vumbi kinuni, Semakula alitoboa ukuta kati ya kinu na ofisi, akaifunga humo, nyuma ya kiti chake, impepee yeye, kisha akaitundikia pazia mbele kuzuia vumbi. Wafanyakazi upepo wa mlima unawatosha, alisema.

Mchana akamwita Mackline kumwaga kopo. Hakuna kazi aliyoichukia kama hiyo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, ambamo bosi alikuwa akitema mate chini ya meza tangu asubuhi. Alilishika kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia kando, na makohozi ya kijivu yakitikisika ndani.

"Hii feni iko na baridi sana," Semakula alilalamika, akakohoa, akafuta vumbi mezani. "Itaniua na mafua. Na wewe, mutu akiuliza, ulivaa hiyo kitu mpaka jioni. Umesikia?"

"Nimesikia, bosi."

Alijichukia kwa jibu hilo. Jioni akarudishiwa kifaa, akakibandika kwenye kola, na Madam Kiconco alipokuja kukichukua alimshukuru kwa uvumilivu. 

Baada ya wiki mbili mkaguzi alirudi, akawakusanya wote uani. Semakula alisimama mbele, ametulia tuli, anachokonoa meno.

"Nimepima vinu vingi, lakini hii sijaona," Madam Kiconco alisema. "Vifaa vyote vitatu vimejaa vumbi laini, lile lisiloonekana kwa macho, linalopenya hata kitambaa. Kinu nimekifunga. Na anayepumua hewa hiyo kila siku aende hospitali leo, asingoje kesho."

Akamgeukia Mackline, macho yamejaa huruma.

"Dada, wewe unafanyia kazi upande gani?"

Kijiti kikasimama mdomoni mwa Semakula. Mackline alimtazama, akalikumbuka lile kopo na makohozi yake ya kijivu, kijivu kile kile anachokitema yeye, na kinyaa chote kikamtoka.

"Mimi niko kwa mashine, madam," alisema polepole. "Lakini hiyo kitu ilishinda kwa ofisi, nyuma ya kiti ya bosi."