Picha Yenye Tuzo Saba

Siku hiyo mjinga alikuwa Mwinchande mwenyewe, wala hakuwa na wa kumsingizia. Ndiye aliyesoma bango mlangoni mwa banda la sinema, "Kichekesho chenye tuzo saba," akambembeleza mkewe Kidawa, aliyekuwa hajacheka tangu wamzike binti yao Zuhura, avae khanga mpya watoke.

Kumbe kichekesho chenyewe ni jeneza la mtoto kudondoka garini na kuteremka mlima, baba mtu akilikimbiza huku suruali inamvuka. Mtafsiri wa banda, bingwa wa kuchomekea mizaha yake kwenye kipaza sauti, akanyamaza ghafla.

"Tafsiri, bwana!" watu wakapiga kelele.

"Nitafsiri nini hapo, ndugu zangu?"

Wakazomea, wakaanza kutoka benchi kwa benchi. Mwinchande akabaki anacheka peke yake, kwa nguvu, kama mtu anayesukuma gari bovu akitumaini litawaka. Alipomgeukia Kidawa, alimkuta ameupakata mfuko wa bisi kwa mikono miwili, haujafunguliwa.

Wakatoka. Mfuko bado ulikuwa mikononi mwa Kidawa.

"Picha ni nzuri, mke wangu," alisema Mwinchande njiani, "sema watu wa hapa wamezoea kuona mtu akiteleza kwenye ganda la ndizi. Wataalamu wameisifu. Tuzo saba si mchezo!"

Kidawa akasimama.

"Baba Zuhura, hao waliotoa tuzo wamemzika nani?"