Digidigi na Nyayo za Chui

Enzi wanyama walipokuwa na shule, Digidigi alikuwa mwalimu wa kusoma nyayo. Watoto waliimba nyuma yake, "Huu wa fisi! Huu wa chui!" hadi sauti zikawakauka. Lakini nje ya darasa hawakuzitambua nyayo hizo, na mtoto wa ngiri alizifuata za chui asirudi tena.

Ndipo akaletwa Muhanga, msaidizi wa walimu.

"Umekuja kunifukuza, Bi Muhanga?" Digidigi akauliza.

"Nimekuja kukaa nawe, mwalimu." Akaketi nyuma pamoja na watoto, akasikiliza. Baada ya kipindi akauliza, "Wewe mwenyewe ukikuta unyayo, unatazama nini kwanza?"

Digidigi akainamia mchanga, akafikiri. "Kucha. Za fisi huonekana, chui huzificha."

"Umewahi kuwaambia hivyo?"

Digidigi akatikisa kichwa. Hakuwahi.

Kesho yake aliwainamisha watoto mchangani watafute kucha, Muhanga akitazama tu. Jioni, wote wakiwa njiani kwenda mtoni, mtoto wa sungura, aliyekuwa wa mwisho darasani, akasimama ghafla.

"Mwalimu, huu hauna kucha. Na bado ni mbichi!"

Wakarudi mbio, na chui akanguruma kichakani kwa kukosa windo.

Digidigi alimtazama yule mtoto kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Bi Muhanga, umetuokoa," akasema.

"Mimi sijamfundisha mtoto hata mmoja, mwalimu."

Digidigi akashika kifua, machozi yakimlengalenga. Kumbe aliyesoma ule unyayo alikuwa mwanafunzi wake.