Tangazo la Kipaza

Kipaza alinyamaza hewani, na nyumbani mama yake akaacha kuosha mchele.

Mtangazaji wa mpira hanyamazi. Lakini mama alijua kilichomkwama kooni. Kituo chao cha redio ni kidogo. Wauza matairi na magodoro waliacha kutangaza, ikabaki kampuni ya kubeti, nayo ndiyo inayolipa umeme na mishahara. Sasa ilitaka Kipaza aseme, katikati ya maongezi, kwa sauti yake ile inayoaminiwa na vijana, kwamba hata yeye hubeti kila wikendi.

"Ni maneno tu, mama," alikuwa amemwambia asubuhi.

"Hata mjomba wako alianza kubeti kwa maneno tu kama hayo. Akaishia kuuza cherehani yangu."

Redioni mtangazaji mwenzake akacheka. "Kaka, soma tangazo! Au umemeza filimbi?"

Mama alishika kitufe cha redio kwa vidole vilivyolowa. Alitaka kuzima, akaongeza sauti.

"Wasikilizaji," Kipaza akasema, "hapa nimeandikiwa niseme nabeti. Sibeti. Mjomba wangu alibeti, ikaenda cherehani iliyonisomesha. Wadogo zangu, moto hauonjwi kwa ulimi."

Sauti yake ikakatwa papo hapo. Ukaingia muziki.

Mama alijiachia juu ya kigoda, maji yakimchuruzika hadi viwikoni. "Ahsante, Mungu wangu," alisema. "Kazi itatafutwa."

Kisha akaongeza kikombe kingine cha mchele, maana leo mwanawe angewahi kurudi.