Mstari wa Kumi na Tatu

Priska alibonyeza kitufe, kisha onyo likatokea: amri ya mstari wa kumi na mbili haijulikani.

Kwenye kompyuta yake, kule mjini Area D, skripti yake, ile orodha ya amri za kufuta faili za zamani, ilikubali wiki nzima. Kompyuta hii ya ushirika wa wakulima wa Mlali ilikuwa na programu nyingine ya kusoma amri, na haikuielewa amri iliyotaja folda ya kusafisha. Ikairuka. Mstari wa kumi na tatu, kwa kukosa jina la folda, ukaanza kufuta kila kitu.

Alibonyeza kitufe cha kusimamisha mara tatu. Taa ya kijani ya diski iliendelea kupepesa.

“Mama, yale madaftari ya mbegu yako wapi?” alimuuliza mwenyekiti wa ushirika aliyeketi nyuma yake, bila kugeuka.

Mwenyekiti aliendelea kubangua karanga zake. “Tuliyachoma, mwanangu. Si ulituambia mashine haisahau?”